PRP: gisi ya kujipanga mbele ya kupigwa sindano ya damu yako mwenyewe, iwe ku goti, ku ngozi ao ku nywele

Siku hizi hapa Goma mutu mwenye goti inamuuma ao nywele zinamutoka pembeni ya kichwa amesha kuona zile video za PRP ku simu, damu inatoka ku mukono, inazungushwa mu mashine, maji ya njano inarudi ku goti ao ku uso, na chini wameandika haina hatari juu ni damu yako mwenyewe. Mimi nafanya kazi ya labo, damu njo naona kutoka asubui mpaka mangaribi, na hiyo sentensi njo imenifanya niandike hapa. Plasma yako, yale maji ya njano ya damu, haina ugomvi na mwili wako, hiyo kweli. Hatari inatoka ku kichupa, ku sindano, ku mikono ya mwenye kukupiga, na ku ile haraka ya kulipa dola mbele hata hujajua unaumwa nini. Kwa hiyo tuende polepole, kutoka siku unaanza kuwaza mpaka miezi ya nyuma.

Mbele ya yote, ujue ni nini wanakuuzia

Mu damu kuna plakete, zile chembe ndogo ndogo zinakimbilia pahali umejikata na kufunga kidonda. Mutu muzima mwenye afya iko nazo 150.000 mpaka 450.000 mu kila mikrolita moja ya damu, na kila moja inaishi siku 7 mpaka 10 kiisha inakufa, zingine zinazaliwa. Ndani yao zimebeba vichocheo vinavyoita mwili uje kujenga: mishipa mipya ya damu, nyuzi za ngozi, nyuzi za kano. PRP ni kuchukua damu yako, kutoa chembe nyekundu, na kubakia na plasma yenye plakete nyingi kuliko kawaida, mara tatu mpaka tano, wengi wanatafuta ifike karibu milioni moja kwa mikrolita. Njo hiyo tu. Haina seli za miujiza, haioteshi goti mpya.

Si kitu cha jana pia. Mu 1987 wanganga wa Italia walishaitumia mu upasuaji wa moyo, mu 1998 munganga wa kupasua kinywa Robert Marx kule Marekani akaandika juu ya kuitumia ku mufupa wa taya, kiisha ikaingia mu michezo, Rafael Nadal wa tenisi alipigwa ku goti, na mu 2013 Kim Kardashian akaonesha uso wake umejaa damu basi dunia yote ikaitaka. Ba joueur wetu muskie hii: mu 2010 shirika la kupambana na dopingi lilikataza kuipiga ndani ya musuli, mwaka uliofuata wakaitoa mu orodha, kwa hiyo leo haikatazwi.

Sasa inasaidia ao haisaidii? Inategemea na pahali. Ku kiwiko, ile kano ya inje inauma ukikamua nguo ao ukishika nyundo, kuna watu wengi walipata nafuu iliyokaa kuliko ya sindano ya kortizoni. Ku goti iliyozeeka maneno inagongana: mu 2021 kulitoka utafiti wa Australia wa watu 288, nusu walipigwa PRP, nusu maji ya chumvi, na nyuma ya mwaka mumoja maumivu yao hayakupishana vya maana. Ku kano ya kisigino, mwaka ule ule, utafiti mwingine ukaonesha vile vile. Ku nywele za urithi, zile zinapungua polepole katikati ya kichwa, inasaidia wengine kuongeza unene, haiwasaidii wote. Ku makovu ya chunusi inasaidia zaidi kama inaenda pamoja na zile sindano ndogo ndogo za kutoboa ngozi. Mutu akikwambia asilimia mia, muachie kiti chake uende.

Hatua ya kwanza: jua ugonjwa mbele ya kutafuta dawa

Hapa njo watu wetu wengi wanapoteza feza. Papa wa chukudu, ile baisikeli ya mbao, anasukuma viazi kutoka Kibumba miaka na miaka, bega inauma. Motari ameanguka ku mawe ya volkano, goti inavimba. Kijana amecheza mupira akasikia kitu kinapasuka. Hao watatu wana magonjwa matatu tofauti na PRP haiwezi kuwa jibu moja. Goti inayojifunga katikati ya kutembea, ao inakuachilia ukishuka ngazi, inaweza kuwa na kitu kimekatika ndani na hiyo inahitaji munganga wa mifupa, si plasma. Piga radio, ile picha ya mifupa, na kama ni kano ao musuli omba eko, ile ekografi. Kwa mambo ya mifupa hapa mujini HEAL Africa wanajulikana tangu zamani, anzia kwa watu wa namna hiyo kabla ya salon yoyote.

Mwenye SS, ule ugonjwa wa selimundu, nakuomba sana usikilize: maumivu ya nyonga ao bega kwako inaweza kuwa kichwa cha mufupa kimekosa damu. Usipigwe kitu mbele ya radio.

Na kine, yale mazoezi ya viungo, mulisha kuijaribu kweli? Nasema kweli, kwa mazoezi yenyewe kwa wiki kama kumi na mbili hivi, si kwenda mara mbili na kuacha. Magonjwa mengi ya kano inapona na mazoezi peke yake, na hata ukipigwa PRP munganga mwenye akili atakurudisha kwa kine tu.

Kwa nywele, dada zangu, tuangalie rasta kwanza. Nywele zikitoka pembeni, juu ya masikio na ku paji, mara nyingi ni kusukwa kwa nguvu, meshi nzito, kichwa kinauma siku tatu unameza paracetamol na tunasema njo uzuri. Hiyo dawa yake ni kulegeza. Ukiwahi zinarudi, ukichelewa miaka mizizi inakufa, pale ngozi inakuwa laini inangaa, hapo hata PRP haina kitu cha kuamsha. Mama aliyezaa, nywele kutoka miezi mitatu hivi nyuma ya kuzaa ni kawaida, zinarudi zenyewe mu mwaka ule. Mutoto mwenye mabaka ya mviringo yenye ukoga ni mapunye, anahitaji dawa ya kumeza. Damu kidogo ao tezi ya shingo ikiharibika nayo inatoa nywele. Na kama kweli ni za urithi kuna minoxidil, ya kupakaa, inajulikana miaka mingi, ni bei ndogo kuliko PRP. Anzia pale.

Kwa ngozi nitasema fupi. Kama ungali unapaka krimu za kuchubua, acha kwanza. Zile zenye clobetasol zinafanya ngozi inakuwa nyembamba sawa karatasi, na kutoboa ngozi ya namna hiyo ni kutafuta madoa meusi mapya. Na kama kidonda chako kimewahi kuota keloide, lile kovu nene linavimba, mwambie munganga kabla hata hajashika sindano.

Hatua ya pili: vipimo vya labo

Ombeni NFS, hiyo njo inahesabu plakete na himoglobini. Huku kwetu hiyo ni lazima juu malaria inashusha plakete, na sana. Mutu ametoka tu ku malaria wiki iliyopita, anaenda kulipa PRP, unazungusha damu yake unapata plasma ya njano safi kabisa yenye plakete kidogo. Amelipa maji. Plakete zikiwa chini ya 150.000 ngoja zipande, himoglobini chini ya 10 ngoja pia, tibu kwanza sababu. Piga na goutte épaisse, kipimo cha malaria, hata kama husikii homa.

Pima pia virusi vya ukimwi na hepatite B na C, mbele ya kupigwa. Wengi wanaona aibu, lakini ni kwa faida yako: karatasi yenye tarehe inaonesha gisi ulikuwa mbele. Na kama hepatite B hauna, omba chanjo, ni sindano tatu, inakulinda mu mambo mengi kuliko hii.

Hatua ya tatu: nani angoje ao aache kabisa

Mwenye ugonjwa wa plakete ao wa kutoganda damu. Mwenye kansa, sana sana ya damu ao ya pahali palepale. Mwenye homa, jipu, kidonda chenye usaha karibu na pahali pa kupigwa. Mama mwenye mimba, juu hakuna mutu amesoma vizuri inamufanyia nini mutoto. Mwenye kumeza dawa za kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo ao kiarusi, huyu asiache dawa yake peke yake hata siku moja, aongee na munganga wa moyo kwanza. Na aliyepigwa kortizoni mu kiungo kile kile, angoje wiki kadhaa.

Hatua ya ine: chagua pahali (hapa nitakaa)

Nataka kuwaambia kitu kilitokea Marekani, mu Albuquerque. Mu 2018 mwanamuke mumoja alipimwa akakutwa na virusi vya ukimwi, hakuwa na njia ingine ya kuambukizwa isipokuwa uso wake ulitobolewa na PRP mu spa moja. Wachunguzi wakaenda. Wakakuta vichupa vya damu bila jina juu ya meza ya jikoni, vingine mu frigo pamoja na chakula, seringi zimefunguliwa zimelala mu madroo, na vifaa vya kutumia mara moja vimetumika kwa watu tofauti. Spa haikuwa na ruhusa. Ikafungwa mwaka ule ule, mwenyewe akakubali makosa mu 2022 ya kufanya uganga bila leseni, na mu 2024 serikali yao ya afya ikatoa ripoti: wateja watatu inaonekana waliambukizwa pale pale. Hiyo ni nchi yenye umeme saa 24 na wakaguzi wa kila namna.

Mu hiyo hadithi plasma haikuleta ugonjwa. Kichupa bila jina njo kilileta. Virusi vya hepatite B inaweza kukaa hai inje ya mwili siku 7 na zaidi, ku kitone cha damu kikavu ambacho hata hukioni. Sisi tulipitia Ebola ya 2018 mpaka 2020, ikafika mpaka hapa Goma mu 2019, tulinawa mikono ku kila mulango, tulijua damu ya mutu ni kitu cha kuogopa kwa heshima. Ile akili turudishe hapa.

Kwa hiyo mbele ya kulipa, nenda siku ya kuuliza tu, bila feza mu mufuko, na uulize hivi. Ni nani atanipiga, ni munganga wa kweli, amesajiliwa ku Ordre des médecins? (Infirmiye anaweza kuchukua damu, lakini kuingiza sindano mu goti ni kazi ya munganga aliyefundishwa.) Vichupa vyenu ni vya PRP, ao ni vile vya labo vya kuchukulia vipimo? Vile vya labo ninavyotumia mimi vilitengenezwa damu iingie ipimwe itupwe, havikutengenezwa damu irudi mu mutu, na hiyo haibadiliki hata kama rangi ya kifuniko ni ile ile. Mutafungua vifaa mbele yangu? Jina langu litaandikwa ku kichupa mbele damu haijaingia? Siku moja munazungusha watu wangapi pamoja? Umeme ukikatika katikati munafanya nini? Sindano zikiisha kutumika zinaenda wapi, kuna kale kasanduku kagumu ka njano?

Akikasirika, umepata jibu.

Na bei: Marekani kikao kimoja kinaanzia dola kama 500 na kinapita 1.500. Huku usiulize bei ya kikao, uliza bei ya vyote, juu watakwambia mara tatu. Mwenye kuvuka barrière akafuata Kigali ao Nairobi ahesabu na usiku wa kulala kule, sitaki mutu apigwe ku goti saa ine kiisha akae mu basi yenye kona za Rwanda jioni ile ile muguu umekunjwa.

Hatua ya tano: wiki ya mbele

Acha diclo, ibuprofene na aspirini ya maumivu siku 7 mpaka 10 mbele. Sisi tunameza diclo kama bonbon, hata mu alimentasyon wanauza, na hizo dawa zinafunga kazi ya plakete. Aspirini inaharibu plakete mpaka ife, njo maana ya siku 7 mpaka 10. Maumivu ikizidi, paracetamol inatosha. Dexa, ile ya familia ya kortizoni, pia hapana, isipokuwa munganga amekuandikia kwa ugonjwa mwingine.

Kunywa maji vizuri, kula siku ile, usiende na tumbo tupu utaanguka ku kiti. Wa nywele wafungue rasta, waoshe kichwa, wasipake mafuta. Wa uso waache krimu za asidi na za kuchubua.

Hatua ya sita: siku yenyewe, usitoe macho ku kichupa chako

Watachukua damu ku mukono, mililita 10 mpaka 60 kulingana na kazi, ndani ya kichupa mwenye dawa ya kuzuia isigande. Mililita 30 inatoa kama 3 mpaka 5 za PRP, usishangae ni kidogo. Angalia jina lako limeandikwa. Kama kuna mwingine anafanya siku ile ile, simama karibu na mashine. Si ujeuri, ni damu yako, hata sisi mu labo tunapenda mugonjwa anayeangalia.

Kiisha santrifuji inazunguka, wengine mara moja, wengine mara mbili, kwanza polepole kiisha kwa nguvu. Ukisikia mutu anajisifu tunazungusha 3000, hiyo peke yake haisemi kitu, juu nguvu inategemea na urefu wa mukono wa mashine. Mukono wa sentimita 10 ukizunguka mara 3000 kwa dakika unasukuma damu kwa nguvu karibu mara 1000 ya uzito wake, punguza iwe 1500 nguvu inashuka mpaka 250 tu. Kasi nusu, nguvu robo. Mwenye kuelewa kazi anajua namba ya mashine yake na atakueleza bila kukasirika. Umeme ukikatika katikati, damu isiende kwa kubahatisha: ao wako na inverta tangu mwanzo, ao wanaanza upya na damu mupya.

Ikitoka, chini utaona nyekundu, katikati ukanda mwembamba mweupe, juu njano. Plakete nyingi ziko karibu na ule ukanda, kwa hiyo anayevuta njano ya juu juu peke yake amekuachia zile za maana. Kwa goti tunataka njano safi, chembe nyekundu zikiingia mu kiungo zinakiwasha. Kwa kano, wanganga wengine wanapenda ukanda mweupe uingie pia.

Inapigwa kikao kile kile. Hakuna kuiweka mu frigo urudi kesho.

Kwa kano na bega aongoze sindano na eko, vinginevyo anapiga pahali anawaza. Kwa kichwa ni sindano nyembamba nyingi, kila sentimita moja hivi, inauma, omba dawa ya kufisha ngozi. Kwa uso kile kichwa cha sindano ndogo ndogo lazima kifunguliwe mu pakiti mupya mbele ya macho yako na kitupwe mbele ya macho yako. Hiyo usiifanyie mutu huruma.

Hatua ya saba: siku na wiki za nyuma

Maumivu itaongezeka siku 2 mpaka 3, wengine mpaka wiki. Usitishike, usimeze diclo, umeanzisha moto kwa makusudi, usiuzime. Paracetamol, na upumzishe. Motari akae chini siku kadhaa, papa wa chukudu asisukume muzigo. Kiisha kine anaanza polepole, na mupira urudi nyuma ya wiki 4 mpaka 6 ao zaidi, kama kine amekubali.

Wa kichwa msisuke kwa nguvu, msipake kemikali wiki ya kwanza. Wa uso: hapa tuko mita 1.500 juu, jua inachoma hata mawingu ikifunika, na vumbi nyeusi ya volkano inaingia kila pahali. Siku za kwanza usipande pikipiki bila kufunika uso, osha na maji safi, paka krimu ya kuzuia jua, make-up ingoje.

Homa, goti imekuwa nyekundu ya moto na huwezi kuikunja, usaha, ao maumivu inapanda nyuma ya siku ya tatu badala ya kushuka: lopitali siku ile ile, usingoje kesho. Kiungo chenye mikrobi kinaharibika mu siku chache tu.

Hatua ya nane: hesabu kama imefanya kazi

Kano na goti, usihukumu mbele ya wiki 6 mpaka 12. Mbele ya sindano ya kwanza andika maumivu yako kutoka 0 mpaka 10 ukishuka ngazi, ukisimama, ukilala, kiisha uandike tena kila mwezi. Nywele, piga foto pahali pamoja, mwangaza ule ule, nywele zimegawanywa vile vile, mbele na ku mwezi wa 3 na wa 6. Kawaida ni vikao vitatu, mwezi mumoja kati ya kimoja na kingine, na ikishika utarudia kila miezi 3 mpaka 6, hiyo feza ya kurudia uihesabu tangu mwanzo juu ukiacha za urithi zinaanza tena kupungua.

Miezi 6 ikipita, namba ni zile zile, foto ni ile ile, usilipe kikao cha ine. Rudi kwa munganga na karatasi zako zote, tarehe, mililita ngapi, upande gani, muanze kutafuta ugonjwa upya kama hatua ya kwanza. Na vipimo vya ukimwi na hepatite virudie nyuma ya miezi 3, kiisha hepatite tena ku mwezi wa 6, hata kama pahali palikuwa pasafi na watu wake ni wazuri.